Kukaa na mwamini mmoja: tuliyojifunza katika ulezi wa kiroho

Mtu anaweza kuketi kanisani miaka kumi, akazijua tenzi kwa moyo, akaimba kwaya, akatoa zaka bila kukosa, na bado asijue afanye nini asubuhi akiwa peke yake na Biblia mkononi. Kuhubiriwa amehubiriwa sana. Lakini mahubiri husema na watu mia kwa mara moja, na katika watu mia kila mmoja hupata mahali pa kujificha nyuma ya mwenzake. Richard Baxter, mchungaji wa Kidderminster huko Uingereza katika karne ya 17, alilitambua hilo kwa uchungu. Yeye na msaidizi wake walitenga Jumatatu na Jumanne kuzungumza na familia moja moja, na mwaka 1656 akaandika kwamba wako watu waliopata maarifa na majuto zaidi katika nusu saa ya mazungumzo ya karibu kuliko katika miaka 10 ya mahubiri ya hadhara.

Sisi tunaolea waamini mmoja mmoja tunaifahamu nusu saa hiyo. Tunafahamu pia inavyoharibika, na mara nyingi anayeiharibu ni mlezi mwenyewe, tena kwa nia njema kabisa.

Majina ya kazi hii ni mengi. Kuna wanaoiita uongozi wa kiroho, kuna wanaosema ufuasi, wengine kufuatilia waongofu, wengine ulezi. Sura yake tunaipenda zaidi katika 1 Samweli 3. Kijana Samweli anaitwa usiku, anamkimbilia kuhani mzee Eli, Eli anamrudisha akalale. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ndipo mzee anatambua kwamba anayemwita mtoto ni Bwana. Sasa tazama anachofanya. Hamwambii, "Nitakwenda kumsikiliza kwa niaba yako." Hamfuati chumbani. Anampa sentensi moja ya kusema, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," na anamrudisha pale pale alipokuwa amelala. Ulezi wote umo humo: kutambua kwamba Mungu anasema na mtu huyu, kumpa kitu kidogo cha kumsaidia kuitika, halafu kumwacha aende peke yake. Makosa karibu yote tutakayoyataja hapa ni ya kumfuata Samweli chumbani.

Kabla ya kuanza

Mapatano yasemwe kwa mdomo siku ya kwanza, hata kama mnajuana tangu utotoni. Semeni mtakutana mara ngapi na kwa muda gani, yatakayozungumzwa yatabaki kwa nani, mtajuaje kwamba mmefika mwisho, na kwamba hakuna fedha itakayopita kati yenu, wala mkopo wala shukrani. Hilo la mkopo huonekana dogo. Lakini mtu akishakukopa, hawezi tena kukuambia kwamba amerudia pombe, kwa sababu atajua unawaza fedha zako zimekwenda wapi.

Mwongofu mpya anahitaji kukutana nawe kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo. Huo ndio wakati rafiki wa zamani wanapiga simu, familia inamshangaa, na furaha ya siku ya kwanza inapungua bila yeye kujua kwamba kupungua huko ni kwa kawaida. Baada ya hapo wiki mbili mbili zinatosha. Mwamini aliyekomaa, anayekuja kwa ajili ya kupima safari yake, mara moja kwa mwezi inafaa. Ukimwona kila wiki mtaanza kuchimba mahali ambapo hakuna kitu.

Walelewa watatu kwa mlezi mmoja mwenye kazi na familia ni mzigo kamili. Watano ni kikomo. Mwaka 1742 kule Bristol, wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, walikuwa na deni la jengo lao la ibada, wakagawana katika makundi ya watu kama 12, kila kundi na kiongozi wa kuwazungukia wenzake kila wiki kupokea peni moja moja. Wale wakusanyaji walipoingia majumbani wakakuta mambo ambayo hakuna aliyeyajua: huyu analewa, yule wanagombana na mkewe. Ukusanyaji wa fedha ukageuka kuwa uchungaji. Lakini kuzunguka nyumba kwa nyumba kulikula muda mno, na nyumba nyingine hazikuwa na nafasi ya kusema faraghani, ndipo wakaanza kukutana pamoja. Tunakumbuka kisa hiki kila mlezi anapotuambia kwamba ana walelewa 15. Hao anawahesabu tu, kuwalea hawezi.

Mahali pawe pa kuonekana na watu lakini pasiposikika: baraza, benchi chini ya mti, chumba chenye mlango wazi na watu wanaopita nje. Msiketi mkitazamana na meza katikati, maana hiyo ni sura ya mahojiano. Viti vikae mshazari, ili anayezungumza aweze kukutazama au kutazama kando bila kuonekana anakukwepa. Simu zizimwe, na yako izimwe kwanza, akiona. Mwanamume na alelewe na mwanamume, mwanamke na mwanamke, hasa ulezi ukiwa wa miezi mingi. Pasipowezekana, awepo mtu wa tatu anayejua mnakutana lini na wapi, na mazungumzo ya usiku kwa simu yasiwepo kabisa. Si kwamba tunawadhania watu mabaya. Mtu anayesikilizwa kwa makini kwa mara ya kwanza maishani mwake hujisikia kupendwa, na moyo wake hautofautishi kwa urahisi kati ya upendo wa aina hii na ule.

Saa yenyewe

Saa moja inatosha. Ikizidi saa moja na nusu mtu huanza kurudia aliyokwisha kusema, na wewe huanza kutoa mafundisho ili kuujaza muda.

Katika mkutano wa kwanza usifungue Biblia mapema. Tunajua hili huwashangaza wengi. Sababu yake ni kwamba Biblia ikifunguliwa dakika ya tano, mlelewa anageuka mwanafunzi wa darasa na kuanza kutafuta jibu sahihi, na wewe hutamwona tena yeye mwenyewe. Anza na maisha yake. "Nieleze ulivyomjua Kristo." "Wiki iliyopita uliomba lini, na ulisema nini?" Swali hilo la pili lina nguvu kuliko "Unaomba?", ambalo jibu lake ni "Ndiyo" siku zote. "Ni wapi ulipomwona Mungu karibu, na ni wapi alipoonekana mbali?" "Nyumbani kukoje?" "Unalala usingizi? Unakula?"

Hayo mawili ya mwisho watu huyapita, na tunasikitika kila wanapoyapita. Soma 1 Wafalme 19. Eliya yuko chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakumwekea semina. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamgusa mara ya pili ale tena. Neno lilikuja baadaye, huko Horebu, nalo lilikuja kama swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Likaulizwa mara mbili, na mara zote mbili Eliya aliachwa alijibu hadi mwisho. Tumeona watu waliopewa siku tatu za kufunga wakati walichohitaji ni siku tatu za kulala.

Kusikiliza kuna namna yake. Mtu akinyamaza, hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kusema chochote. Mara nyingi ukifika saba atasema lile alilokuwa analizunguka. Epuka "kwa nini". Ukimwuliza mtu "Kwa nini ulifanya hivyo?" atajitetea. Mwuulize "Ilikuwaje?" au "Nini kilitangulia?" na atasimulia. Rudia neno lake mwenyewe badala ya kulitafsiri: akisema "nimechoka na Mungu," usimwambie "yaani umepoa kiroho." Mwambie, "Umechoka na Mungu," kisha subiri. Usiseme "hata mimi yalinipata," angalau si katika nusu saa ya kwanza, kwani ukishaanza kusimulia ya kwako yeye ndiye anayegeuka msikilizaji. Na usitoe mstari wa Biblia kama mtu anayefunga mlango. Warumi 8:28, kwamba Mungu katika mambo yote huwapatia mema wale wampendao, ni neno la kweli, lakini likisemwa kwa mama aliyezika mwanawe juzi linamwambia anyamaze. Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema, nalo ni kukaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofumbua vinywa.

Jambo moja limetusaidia kuliko mengine yote katika kuendesha saa hii. Watu husema lile zito mwishoni, mkono ukiwa kwenye kitasa. Dakika 55 mmezungumza kuhusu kazi na kwaya, anasimama, halafu: "Halafu kuna jambo jingine, lakini tutaongea siku nyingine." Kwa hiyo ikifika dakika ya 40, uliza wewe: "Kuna jambo ulilokuja nalo ambalo bado hatujaligusa?" Kisha nyamaza. Hapo bado kuna dakika 20 za kulibeba.

Ndipo Maandiko yanapofunguliwa, kifungu kimoja, mistari michache, asome yeye kwa sauti. Filipo alimkuta yule Mwethiopia akisoma tayari, na neno lake la kwanza lilikuwa swali, "Je! Yanakuelea haya unayosoma?" Akaanza na andiko lile lile ambalo mtu yule alikuwa amelishika, hakumbadilishia somo. Mwulize mlelewa ni neno gani limemgusa. Ombeni, yeye kwanza kama anaweza, wewe baadaye na kwa ufupi, ukitumia maneno yake. Maombi marefu ya mlezi yana hatari yake: huwa mahubiri yaliyofumbwa macho, na mlelewa anaondoka akiamini kwamba kuomba ni ufundi asiouweza.

Usiandike wakati anaposema. Akishaondoka andika mistari mitatu: tarehe, mlichokubaliana, cha kuombea. Jina lake lisiwepo, wala dhambi aliyoiungama. Daftari la mlezi hupotea kama madaftari mengine.

Kazi ndogo ya kwenda nayo nyumbani

Kila mkutano umalizike na jambo moja la kufanya. Moja. Liwe jambo ambalo wiki ijayo linaweza kujibiwa "nilifanya" au "sikufanya". "Kumsamehe kaka yangu" haliwezi kujibiwa hivyo. "Kumpigia kaka yangu Alhamisi jioni na kumwuliza hali" linaweza, na huo ndio mwanzo wa kusamehe.

Kwa anayeanza ibada ya binafsi, dakika 15 kwa siku, mahali pamoja, saa ile ile. Injili ya Marko ina sura 16. Kwa nusu sura kwa siku ataimaliza kwa siku 32. Ajiulize maswali matatu: hapa Mungu anaonekanaje, mimi naonekana wapi, na nitafanya nini kabla sijalala leo. Jioni asome zaburi moja fupi. Basi. Anayewaka moto wiki ya kwanza atataka kuamka saa kumi alfajiri na kuomba kwa saa mbili nzima. Mzuie kwa upole. Tunalijua linalofuata: siku ya nne analala kupita kiasi, siku ya tano anaona haya, wiki ya pili anaanza kukukwepa, na asipokukwepa anakudanganya. Akishakudanganya mara moja kuhusu maombi yake, ulezi umebaki jina.

Kwa hiyo akija na kusema "sikufanya", shukuru kwamba amesema kweli, na uliza kilichozuia. Mara nyingi utakuta kazi ilikuwa kubwa mno. Ipunguze. Ikiwa inarudi hivyo mara tatu mfululizo na hakuna kizuizi cha kweli, basi huenda hataki, na hilo pia lizungumzwe waziwazi bila lawama.

Kufunga: kukosa mlo mmoja kwanza, si siku nzima. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayetumia dawa zinazohitaji chakula, na aliyewahi kusumbuliwa na kujinyima chakula, hao watafute namna nyingine. Wanaweza kufunga simu.

Si kila ukavu ni dhambi

Paulo aliwaandikia Wathesalonike maneno ambayo kila mlezi angepaswa kuyabeba mfukoni: waonyeni wasiokaa kwa utaratibu, watieni moyo walio dhaifu, watieni nguvu wanyonge, vumilieni na watu wote. Dawa ni tofauti kwa watu tofauti. Ukimwonya aliyevunjika moyo utammaliza. Ukimbembeleza aliyeamua kuasi utamsindikiza. Gregori Mkuu, aliyekuwa papa tangu mwaka 590, aliandika kitabu juu ya kazi ya mchungaji, na sehemu yake ndefu kuliko zote ni hii tu: jinsi ya kumwonya mwenye furaha na mwenye huzuni, tajiri na maskini, kila mmoja kwa namna yake.

Mtu akija na kusema, "Maombi yangu hayaendi popote, nasema na ukuta," tafuta kwanza chanzo. Kuna jambo analolishikilia na anajua ni baya? Huyu mara nyingi anaweza kutaja siku ukavu ulipoanza. Kuna msiba, hata wa mwaka juzi, ambao hakuulilia? Kuna uchovu, mtoto mchanga, zamu za usiku? Au namna yake ya kuomba imefika mwisho, kama nguo ya utotoni, na Mungu anamwita kwenye ukimya anaouogopa? Wa kwanza anahitaji toba. Wa pili anahitaji zaburi za maombolezo, na ruhusa ya kulia. Wa tatu anahitaji msaada nyumbani. Wa nne aketi tu dakika kumi kila siku na mstari mmoja, bila kujaribu kusikia chochote. Ukiwapa wote toba, watatu watajitafutia dhambi ambazo hawana, na wakizikosa watazitunga.

Na kuna wa tano, ambaye ni mgonjwa. Wiki mbili au zaidi hana usingizi, au analala mchana kutwa; chakula hakipiti; yaliyompa furaha hayamgusi; anasema kila mtu angekuwa na nafuu yeye asipokuwepo. Mwuulize waziwazi: "Je, umefikiri kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo, humpa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni alichokuwa amepanga kukitumia, na mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Ombeni njiani. Anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru apelekwe vilevile. Na kamwe, hata siku moja, usimwambie mtu aache dawa kwa sababu mmeomba. Kama Mungu amemponya, vipimo vya daktari vitaonyesha, na daktari mwenyewe atazisimamisha.

Vivyo hivyo kwa anayepigwa nyumbani. Kumrudisha kwa anayempiga akiwa na mstari wa utii mkononi ni dhambi ya mlezi. Kwanza usalama wake na wa watoto, mengine yatafuata.

Siri na maungamo

Mtu anapoungama, uso wako ndio mahubiri ya kwanza. Usishtuke, usicheke, usipepese macho. Usiulize maelezo ambayo hayahitajiki. Kuyataka ni udadisi, na yeye atausikia. Mwache aite jambo kwa jina lake, "niliiba," si "kulikuwa na upungufu kwenye hesabu." Mwulize kama amemwambia Mungu. Kisha umsomee 1 Yohana 1:9 polepole na umwambie kwa sauti kwamba amesamehewa katika Kristo, kwa maana wengi hulijua neno hilo kwa miaka bila kuambiwa wao kwa jina. Mkatoliki umwelekeze kwa padre kwa ajili ya kitubio. Mlezi mlei haondolei dhambi, na siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote. Baada ya hapo huja malipizi. Zakayo mtoza ushuru alitaja kiasi: kurudisha mara nne ya alichodhulumu. Kilichoibwa kirudishwe, uongo urekebishwe kwa aliyeambiwa. Na mduara wa kuungama usizidi mduara wa waliodhurika: aliyemkosea mkewe hana sababu ya kusimama mbele ya kanisa zima.

Wewe ambaye si padre wa kitubio, sema mapema mipaka ya siri yako. Tunasema hivi: "Utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa uhai wako au wa mwingine uwe hatarini, au mtoto awe anadhuriwa. Hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia kwanza inapowezekana." Ukisema hivyo baada ya mtu kukuambia, utaonekana msaliti. Ukisema kabla, ni uaminifu.

Siri nyingi hazivunjwi na umbeya wa wazi. Huvunjwa kwenye kikundi cha maombi. "Wapendwa, tumwombee dada yetu mmoja wa kwaya, anapita katika jaribu zito la ndoa." Kwaya ina kina dada sita. Kufika jioni kila mtu anajua. Kama unahitaji wenzako wakuombee wewe mlezi, waambie tu, "Niombeeni hekima." Mungu anajua inahusu nini.

"Mchungaji, nifanyeje?"

Hapa ndipo tunapojaribiwa kuliko mahali pengine popote. Mtu anataka kujua amwoe nani, aache kazi au abaki, aingie utumishi au la. Anakutazama kama mtu aliyeshika ufunguo. Na moyoni mwako pengine jibu unalo, tena huenda ni sahihi. Usilitoe. Neno "Mungu ameniambia uolewe na fulani" limevunja nyumba nyingi mno, na anayelisema hayumo ndani ya nyumba hiyo miaka kumi baadaye. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika maelekezo yake ya karne ya 16 kwa anayeongoza mwingine katika mazoezi ya kiroho, alimtaka asimame katikati kama mizani isiyoelemea upande wowote, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake.

Kusimama katikati hakumaanishi kukaa kimya. Kinachokatazwa na Maandiko hakihitaji kupimwa, sema hivyo. Kwa yaliyo halali yote mawili, mpe njia. Achukue karatasi mbili, kila moja kwa chaguo moja, aandike faida na hasara kwa yeye kumpenda Mungu na jirani, si kwa starehe peke yake. Wiki ya kwanza aishi na kuomba kana kwamba ameshachagua la kwanza, aandike kila jioni hali ya moyo wake: amani, au wasiwasi, au msisimko tu. Wiki ya pili afanye hivyo kwa la pili. Amani na msisimko hufanana siku mbili za mwanzo. Msisimko huisha, amani hubaki hata anapoziona gharama. Aulize watu wawili watakaoathiriwa na uamuzi huo. Na kama aliamua akiwa katika utulivu, asiubadilishe akiwa katika giza. Asubiri giza lipite kwanza. Ushauri huo wa mwisho nao ni wa Ignatius, na hatujauona ukikosea.

Kumuonya

Wakati wa kuonya utafika. Kuonya kufanyike ana kwa ana, kamwe si kwa ujumbe wa simu, kuhusu jambo moja tu. Taja kitendo, si tabia: "Jumapili ulimtukana mama yako mbele ya watu," wala si "wewe huna heshima." Umwonyeshe na njia ya kurudi, siku hiyo hiyo. Wagalatia 6 husema tumrejeze kwa roho ya upole, tukijiangalia nafsi zetu. Sura hiyo hiyo husema tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele husema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Mlezi anayeyasoma yote mawili hatabeba furushi la mwingine wala hatamwachia mtu mzigo unaomponda.

Anapoanza kukuegemea

Dalili zake ni hizi. Anakupigia kabla hajaomba. Anatumia misemo yako anapoomba, hata pumzi yako. Anaomba ruhusa kwa mambo madogo. Anaumia akijua unalea mwingine. Mlezi mchanga huyaona haya kama matunda, na tunasema kwa huzuni kwamba wengi wetu tulipendezwa nayo. Kuhitajiwa ni kutamu. Petro aliwaonya wazee wasijifanye mabwana juu ya mitaa yao, na ubwana wa namna hii huja ukiwa umevaa nguo za upendo.

Dawa yake si kumfukuza. Ongeza nafasi kati ya mikutano, wiki mbili ziwe tatu. Akikuuliza, uliza nawe: "Ulipomwambia Mungu jambo hili, ulibaki na nini?" Mjulishe kwa waamini wengine wawili au watatu, kama Barnaba alivyomchukua Sauli na kumpeleka kwa mitume walipokuwa wanamwogopa, kisha hakumfunga kwake. Na wewe mlezi uwe na wa kwako unayemwendea. Anayelea bila kulelewa atawatumia walelewa wake kujiliwaza.

Wengine wataacha kuja bila kuaga. Mtembelee mara moja. Mtumie ujumbe mmoja usio na lawama, kama mwezi baadaye. Usiwatume wengine wakamwulize amekuwaje. Mlango uachwe wazi, na jina lake libaki katika maombi yako, maana huenda wewe hukuwa wake.

Anayefika mwisho vizuri aagwe vizuri. Miezi sita ikiisha, au muda mlioafikiana, wekeni mkutano mmoja wa kutazama nyuma. Asimulie yeye: alikuwa wapi, yuko wapi, nini bado. Mwulize pia ni wapi ulimkosea, umwachie dakika za kujibu, usijitetee. Asubuhi ile baada ya usiku wa kuitwa, Samweli alikuwa na neno zito dhidi ya nyumba ya Eli mwenyewe, akaogopa kulisema. Eli akamtaka aseme yote, asimfiche hata neno moja, na aliposikia alikubali kwamba aliyesema ni Bwana. Mlelewa wako akikuambia kwamba ulikuwa ukimkatiza, au kwamba siku fulani ulimpa jibu ambalo Mungu hakukupa, msikilize mpaka mwisho, umwombe radhi, kisha umwombe akuombee, ukiwa umeinamisha kichwa naye akisema kwa maneno yake mwenyewe.